UZI: Wikiendi na wenye Datsun Z kwenye milima ya North Carolina, wakatuuliza habari za Safari Rally

Mleta uzi:

Wakuu, salaam.

Kila mwezi Mei wenye magari ya Z, yaani ukoo ule wa Datsun na Nissan ulioanza na 240Z, hukusanyika Fontana Village, magharibi mwa North Carolina hapa Marekani. Mkusanyiko wenyewe unaitwa ZdayZ. Mimi nina 350Z, naishi Georgia, na safari hii nilikwenda na rafiki yangu wa Mombasa ambaye hana Z lakini magari ya mbio yako damuni. Kuna wadau humu waliomba nilete habari nikirudi, basi nimekuja. Uzi utakuwa mrefu, kwa sababu nilikwenda kuona magari na nimerudi na hoja inayotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Nitaifikia.

Kwanza mahali penyewe. Fontana ni kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilihitaji umeme mwingi kwa viwanda vya vita, ikajenga bwawa la Fontana kati ya 1942 na 1944. Ukuta wake una urefu wa kwenda juu wa mita 146 hivi, hakuna bwawa refu kulishinda upande wote wa mashariki mwa nchi hii. Vita vilipokwisha kijiji kikageuzwa mahali pa mapumziko. Simu inashika kwa kubahatisha, usiku ni giza la msituni hasa. Ukitoka getini, upande wowote utakaoelekea, barabara ni kona na mlima.

Ndiyo maana watu wa magari ya michezo wamepachagua. Karibu na hapo ipo barabara ya US 129, kipande wanachokiita Mkia wa Joka: kona 318 ndani ya maili 11, kama kilomita 18. Katika kipande hicho hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna njia panda, kwa sababu upande mmoja ni hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains na upande mwingine ni msitu wa serikali. Malori marefu yamepigwa marufuku tangu 2015. Ni barabara ya umma, hulipi kiingilio.

Nitaendelea baada ya muda mfupi. Wenye maswali waanze kuuliza.

Mdau, Arusha:

Mkuu nimeshaweka kiti mbele. Swali la kwanza: mtu asiye na Z anaruhusiwa? Na huo mkia wa joka mnashindana au mnaendesha tu?

Mleta uzi:

Mkuu wa Arusha, hapana mashindano, na hilo nalisema kwa msisitizo. Mwendo uliowekwa ni maili 30 kwa saa, polisi wapo, na walioandaa msafara hawataki utani. Asubuhi kabla ya kuwasha magari tuliitwa pamoja tukaelezwa masharti: usivuke mstari wa njano katikati ya barabara hata kwa kidole cha tairi, usimpite mwenzako ndani ya msafara, ukiona mtu nyuma yako ana haraka tafuta nafasi ya pembeni umpishe. Gari la mbele lina mtu anayeijua barabara, la nyuma lina mtu wa kukusanya wanaobaki, na kila mtu anahimizwa awe na redio ya mkononi kwa sababu simu huko haina kazi. Mafuta unajaza kabla, maana ndani ya zile maili 11 hakuna kituo.

Hata kwa maili 30 mtu anatoka jasho. Kona zinakuja mfululizo bila nafasi ya kupumua, nyingine zimelala kwa ndani, nyingine zinajifunga ghafla ukiwa umeshaingia. Hapo nilielewa kwa nini watu wanasema gari la michezo halipimwi kwa spidi ya mwisho. Gari lenye farasi mia nne linakuwa mzigo kama dereva hajui kulipunguza kabla ya kona. 240Z ya mwaka 1972 iliyokuwa mbele yangu, yenye farasi wachache kuliko gari nyingi za familia za siku hizi, ilikuwa inapita kona kwa utulivu kabisa, mwenyewe anaachia mafuta mapema, anaingiza gia moja chini, anatoka. Tulipofika mwisho wa zile kona, ndani ya Tennessee, breki za magari mengi zilikuwa zinanuka. Zake hazikuwa na harufu.

Kuhusu asiye na Z: rafiki yangu wa Mombasa alikaa kiti cha abiria wikiendi nzima na hakuna aliyemuuliza funguo. Kila alikosimama alikaribishwa. Walimpa hata kiti cha kamba akae.

Pia kwenye kona kadhaa wapo wapiga picha wa biashara. Wanampiga kila anayepita, halafu unaingia kwenye tovuti yao, unatafuta siku na saa uliyopita, unanunua picha yako. Biashara safi. Nawaza kona za Kitonga au zile za kupanda Lushoto, kijana mwenye kamera nzuri angeweza kufanya hivyo hivyo siku za misafara.

Mdau, Nairobi:

Leta stori ya magari yenyewe. Kulikuwa na za zamani ngapi? Zile za kwanza kabisa zilikuwepo?

Mleta uzi:

Zilikuwepo, na huko ndiko ninakoelekea.

Jioni magari yanapangwa uwanjani. Ukitembea kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho unapita zaidi ya miaka hamsini ya historia kwa miguu. Unaanza na 240Z, iliyotoka Japani mwishoni mwa 1969 na kuuzwa Marekani kwa dola 3,526. Injini yake, L24, ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili, bloku ya chuma na kichwa cha alumini. Fundi yeyote aliyezoea injini za Datsun za zamani akifungua boneti hapotei. Halafu 260Z, halafu 280Z iliyoacha kabureta ikachukua mfumo wa Bosch wa kupuliza mafuta. Inafuata 280ZX, ambayo baadhi yake zilikuwa zikizungumza: ukiacha mlango wazi, sauti ya mwanamke inakuambia kwamba mlango wa kushoto uko wazi. Mwenye moja alituwashia tukaisikia, bado inasema vizuri. Kisha 300ZX za aina mbili, 350Z kama yangu, 370Z, na hii mpya yenye turbo mbili na farasi 400.

Hapo ndipo nilipopenda zaidi. Boneti zote wazi. Mtu wa 300ZX ya miaka ya 90 yenye turbo mbili anakuonyesha jinsi chumba cha injini kilivyobanana, mkono hauingii, kubadilisha bomba dogo la maji lazima uvue vitu vingi kwanza. Hafichi kitu. Anakwambia alinunua wapi kifaa, alilipa kiasi gani, fundi gani alimharibia, na yeye mwenyewe alirekebishaje. Nilikuwa na mlio upande wa nyuma kulia wa gari langu nikaenda kwa fundi wa mjini akaniambia nibadilishe kila kitu cha chini. Mzee mmoja pale uwanjani alilala chini ya gari na tochi, akatikisa, akasema ni bushi moja tu imekufa, akanielekeza na namba ya kifaa. Hakutaka hela. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye kitabu chochote, unapatikana kwa kukutana.

Sasa jambo lililonifanya nifungue uzi huu.

Katikati ya zile za zamani palikuwa na 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, taa kubwa za ziada mbele, imeinuliwa kidogo na kuvishwa matairi ya njia mbaya. Ubavuni imebandikwa maandishi ya East African Safari. Watu walikuwa wameizunguka kuliko gari lolote jipya pale. Mwenyewe ni mzee wa makamo kutoka Ohio, ameijenga kwa miaka mingi ifanane na gari lililoshinda mwaka 1971. Tulipomwambia kwamba mmoja wetu ni Mtanzania na mwingine Mkenya, alitushika mikono kama amepata ndugu. Akaanza kutuuliza. Barabara za wakati ule zilikuwaje? Watu wa vijijini walikuwa wanasimama wapi kutazama? Mvua ya Pasaka ilikuwa inaharibu njia kiasi gani? Je, wazee wetu waliwaona madereva Herrmann na Mehta wakipita?

Wakuu, yeye anayajua matokeo yote kwa mwaka. 1970 alishinda Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, kwa Datsun 1600 SSS, akiwa na Hans Schüller. 1971 hao hao wawili wakarudi na 240Z wakashinda tena, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye kwa 240Z. 1972 Hannu Mikkola akachukua kwa Ford Escort. 1973 Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa 240Z katika mwaka ule wa ajabu, ambapo walimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ikabidi ushindi uamuliwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi ya kwanza. Gari la 1971 lenyewe Nissan wamelihifadhi hadi leo katika hazina yao ya magari ya kale kule Zama, Japani.

Akatueleza pia jambo ambalo nilikuwa nalijua nusu nusu. Datsun miaka ile ilikuwa inatafuta heshima duniani. Yutaka Katayama, aliyeongoza Nissan ya Marekani na kuisukuma Z iingie soko hili, aliamini mbio ngumu ndizo zinazoonyesha gari lina nini. Mwaka 1958 alikuwa ameongoza timu ya Datsun kwenye mbio za kuzunguka Australia. Kwa hiyo gari lilipopita matope na mawe ya kwetu likarudi limeshinda, ule ushindi ukatangazwa kila mahali. Mnunuzi wa California aliyeona gari zuri lenye boneti ndefu aliambiwa: hili ndilo lililoshinda Safari.

Sifa ya gari hili, sehemu kubwa ilitengenezwa kwenye barabara za Kenya, Uganda na Tanzania. Na mtu wa Ohio anaihifadhi kwa mapenzi makubwa, wakati sisi wenye barabara hizo, wenye wazee waliosimama kando ya njia, hatuna hata albamu moja ya pamoja. Hilo limenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Mdau, Nairobi:

Umenigusa mkuu. Huku kwetu Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na vijana wanajaa Naivasha kila mwaka. Lakini ukimuuliza kijana nani Shekhar Mehta, wengi hawamjui. Mtu alizaliwa Uganda, akahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, mwaka uliofuata akashinda Safari, halafu akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Joginder Singh angalau watu wanakumbuka jina la Simba wa Kenya.

Lakini tusijidharau kupita kiasi. Hapa Nairobi tuna Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, tangu 1970, siku hizi yanafanyika Ngong Racecourse, yanaandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo. Majaji wanapita na kuangalia hadi chini ya matao ya magurudumu. Magari ya zamani yaliyotunzwa yapo. Na East African Safari Classic, ile ya magari ya zamani, inakimbizwa tangu 2003, Datsun Z bado zinashiriki pamoja na Porsche 911 na Escort.

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Nairobi, umesema kweli, na Concours nakubali ni jambo kubwa. Tofauti niliyoiona ni moja. Concours gari linahukumiwa, watu wanatazama kutoka nje ya kamba. Kule Fontana gari linafunguliwa na maneno yanatoka. Tunahitaji yote mawili. Mwenye Z aliyeiweka Karen au Upanga kwa miaka arobaini ana habari nyingi kichwani kuliko kitabu cha fundi, na hajawahi kuulizwa.

Mdau, Thika:

Nina swali la mfukoni. Mimi nataka Z ya zamani. Naweza kuiagiza kutoka huko Marekani au Japani?

Mleta uzi:

Kwa Kenya njia ya kawaida imefungwa: gari lililotumika lisizidi miaka minane, na za Marekani usukani wake uko kushoto. Kwa hiyo zile zilizopo tayari nchini ndizo hazina. Ukisikia ipo moja imeegeshwa nyuma ya gereji ya mtu, nenda kaione kabla haijakatwa kuwa chuma chakavu.

Ukienda, haya ndiyo niliyofundishwa na wale wazee. Injini isikutishe hata kama imekaa miaka haijawaka, L24 ni injini ngumu na vifaa vyake vinapatikana. Adui ni kutu. Angalia chini ya betri, kwa sababu tindikali ikivuja inakula bati hadi kwenye fremu. Nyanyua zulia uone sakafu pande zote mbili. Pita mkono kwenye fremu zile mbili zinazokwenda chini ya sakafu. Kama zimebonyea au zimetoboka, hapo ndipo hela itakapokwenda. Angalia nyuma ya mlango pale bodi inapokutana na tao la gurudumu la nyuma, halafu fungua mlango wa buti uone chini ya mpira wake. Gari la pwani lichunguze mara mbili, chumvi haina huruma.

Na soma namba ya chesisi. 240Z za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani huanza na HS30. Za Marekani huanza na HLS30. Muuzaji akikuambia hii ilikuwa gari ya mashindano, usibishane naye, iandike namba, piga picha, halafu tafuta orodha za washiriki wa zamani. Zipo kwenye magazeti ya miaka ile.

Mdau, Mombasa:

Mimi ndiye yule abiria. Nathibitisha yote, na naongeza moja. Siku ya pili tulipita Cherohala Skyway, barabara iliyofunguliwa 1996, kutoka Robbinsville hadi Tellico Plains, inapanda hadi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni tofauti kabisa na Mkia wa Joka: kona ndefu, pana, unaona milima hadi upeo wa macho. Mwenye zile rangi za Safari alinipisha kiti chake cha abiria kwenye kipande kirefu cha kupanda. Injini ya silinda sita ikifika kwenye mzunguko wake mzuri inaimba kwa sauti moja iliyonyooka, haikoromi. Nimekulia karibu na gereji, nimesikia injini nyingi, ile sijawahi. Alipunguza mwendo tulipofika juu akaniuliza kama kwetu kuna barabara kama hii. Nikamwambia za kwetu zilimpa yeye gari analoliendesha. Alicheka akakubali.

Mdau, Manyara:

Wakuu, nimesoma uzi wote. Marehemu babu yangu alikuwa anatusimulia habari za Safari ilipokuwa inapita Mbulu, magari yanapanda na kushuka mlima wa Magara, mvua ikinyesha watu wa kijiji wanayasukuma kwenye matope. Alikuwa na picha mbili za rangi ya kijivu. Nadhani ziko kwa shangazi.

Mleta uzi:

Mkuu wa Manyara, hilo ndilo nilikuwa naliomba. Mpigie shangazi leo, usingoje sikukuu. Picha zipige pande zote mbili, maana nyuma wazee walikuwa wanaandika tarehe na mahali. Usizikate pembeni, kibao cha duka, nguo za watu, namba ya mlango wa gari, vyote hivyo vinasaidia kujua ni mwaka gani. Kama namba iliyo ubavuni mwa gari inasomeka, iandike humu tuitafute kwenye orodha ya mwaka huo.

Na shangazi mwenyewe, mrekodi kwa simu akisimulia alichosikia kwa babu, hata kama ni dakika kumi. Yule mzee wa Ohio alinipa anwani yake ya barua pepe na kuomba chochote kitakachotoka kwetu kuhusu 1971 na 1973. Nimemwahidi nitamtafsiria. Wenye picha za Mbulu, Korogwe, Naivasha, Kampala, popote magari yale yalipopita, wekeni hapa chini, mtaje na mahali. Nitakuwa nazipanga kwa mwaka kwenye ukurasa huu huu.

Mdau, Manyara:

Nimempigia. Anasema ni tatu, si mbili, na moja ina gari lenye boneti nyeusi. Jumamosi naenda kuzichukua.